Mgeni Aliyelala na Viatu

Asubuhi mimi huamka wa kwanza. Nawafungulia bata bukini, kisha naingiza kuni za jiko. Jiko letu ni la matofali. Joto lake linafika mpaka chumba kikubwa cha wageni. Humo ndimo tulimweka Zoya na binti yake mdogo, Uliana. Walikuwa wamekimbia vita huko Ukraine, wakavuka mpaka kuja kwetu Moldova. Kanisa letu la Kibaptisti liliwapokea, na mchungaji akauliza nani ana nafasi. Mama alinyoosha mkono kabla mchungaji hajamaliza.

Siku moja nilisukuma mlango wa chumba hicho, ukakataa. Kiti kilikuwa kimeegemezwa kwa ndani. Zoya alipokuja kunifungulia, nilimwona amevaa koti na viatu. Hata mtoto alikuwa amelala na viatu.

Nilimwambia Mama jikoni.

"Na viatu? Juu ya mashuka yangu ya harusi?" Mama aliacha kukoroga mamaliga, ugali wetu wa mahindi. "Anatuona wezi?"

Baba akacheka. "Agripina, mimi nilipokuoa nililala na viatu wiki nzima. Nilimwogopa mama yako."

"Nyamaza, Profir. Hali kitu mpaka sisi tuonje kwanza. Anaficha nini huyu?"

Zoya naye alikuwa na shaka zake. Siku aliyofika, Mama alichukua pasipoti yake na ya mtoto, akazifungia kabatini pamoja na zetu. "Zisipotee," alisema, akautia ufunguo mfukoni. Jumapili alimwambia, "Tutakula tukitoka ibadani." Zoya ni Muorthodoksi. Alikaa kanisani kwetu kama mtu aliyekalia miiba.

Tulipokuwa tukirudi, jirani yetu Fevronia alipaza sauti kwa Kirusi kutoka uzioni. Huku wengi tunakijua.

"Zoya, shoga! Leo wanakulisha supu, kesho watakuchovya mtoni wakubatize!"

Zoya hakucheka.

Jumatatu nilimkuta akikunja nguo za Uliana.

"Mnakwenda wapi, dada?"

"Italia. Kuna mwanamume pale dukani ana gari. Atatupeleka bure, na kazi ipo hotelini. Lakini anaondoka sasa hivi, na anataka azishike yeye pasipoti zetu." Akashusha sauti. "Mwambie mama yako anipe."

Mama aliposikia, alisimama mbele ya kabati.

"Sikupi! Mtu gani huyo? Una mtoto wewe!"

"Kumbe ni kweli," Zoya alisema. "Mmetufunga."

"Tumekufunga? Nimekupa chumba changu kizuri!"

Uliana akaanza kulia. Zoya akamshika mkono. "Basi tutaondoka bila pasipoti."

Mimi si msemaji. Nilitoka mbio kumwita Shangazi Parascovia, anayesimamia wageni wa kanisa. Alikuja na aproni yake, unga mikononi.

"Agripina, mpe pasipoti zake."

"Je, akipanda gari la yule mtu?"

"Mpe kwanza. Ni zake. Mkimbizi ameacha nyumba na kila kitu. Hizo ndizo zinazosema yeye ni nani. Ukizishika wewe, hata kwa upendo, umemshika yeye."

Mama alifungua kabati, akazitoa. Zoya akazitia pasipoti kifuani.

"Sasa sikia, binti yangu," Shangazi alimwambia. "Ukitaka kwenda, hatukuzuii. Kushuku si kosa. Tushuku sisi, nishuku na mimi. Lakini yule mwenye gari, je, umemshuku?"

"Alikuwa mpole," Zoya alisema.

"Mpole, lakini anakuharakisha. Nenda ukapige picha namba ya gari lake. Mwombe kitambulisho, nacho ukipige picha. Muulize jina la hoteli. Mwambie picha unatutumia sisi na polisi. Pasipoti usimpe hata kuigusa. Dereva mwema hatakasirika. Hata madereva wa kanisa tunawafanyia hivyo hivyo."

Tulikwenda wote. Gari la kijivu lilikuwa mbele ya duka, injini inanguruma. Zoya aliinua simu. Yule mwanamume akafunika uso kwa mkono.

"We mama, picha za nini? Huniamini?"

"Kitambulisho chako, kaka."

"Nakusaidia bure, halafu unaniletea mambo ya polisi? Panda au baki!"

"Nitapanda nikishajua jina la hoteli."

Alitukana, akabamiza mlango, akaondoka kwa kasi. Shangazi aliwapigia polisi, akawasomea namba kutoka kwenye picha. Zoya aliketi kwenye ngazi za duka, Uliana kifuani.

Tuliporudi, Mama alimvuta Shangazi pembeni.

"Parascovia, na mimi nimemharakisha? Ile ya ibada kabla ya chakula?"

"Umesema mwenyewe."

"Nilitaka tu aombewe."

"Mwombee. Lakini supu isiwe tiketi ya kuingilia kanisani. Muulize kama anataka kuja. Akikataa, mpakulie vilevile."

Jioni ile Baba alibadilisha kitasa cha chumba cha wageni. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, akampa Zoya.

"Hata mke wangu hana," alimwambia. "Hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii."

Jumapili iliyofuata Mama alipika mapema. Tulikula wote. Kisha akauliza, "Tunakwenda ibadani. Unakuja, au unabaki?"

"Nabaki," Zoya alisema, akamkazia Mama macho.

Mama akamwongezea supu.

Fevronia alikuwa uzioni kama kawaida. "Shoga! Bado hawajakuchovya?"

"Bado," Zoya alijibu. "Siku hizi wananiuliza kwanza."

Mpaka sasa anafunga mlango wake. Kila usiku nasikia ufunguo ukizunguka, na Mama hanuni tena. Lakini leo asubuhi, nilipopeleka kuni, nilijikwaa mlangoni pake. Jozi mbili za viatu, kubwa na ndogo, zilikuwa zimepangwa nje, karibu na viatu vyetu.