Kibanio Ndani ya Ungo

Kipua akitoka shule hakupitia jikoni kwanza kama watoto wengine. Alitupa mkoba kitandani, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta ikakauka, kisha akaingia stoo. Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba, chenye hewa ya kutosha na dirisha moja lisiloingiza jua. Juu ya rafu alizozipigilia marehemu baba yake kulikuwa na nyungo tatu za majani ya viungo: mmoja wa rihani, mmoja wa oregano na mmoja wa rosemari. Kazi yake ilikuwa kuyageuza majani taratibu kwa ncha za vidole, na kuyanusa.

Hilo la kunusa ndilo lililompa jina. Tangu mdogo alinusa kila kitu, hata daftari jipya, hata maji. Maziwa yakianza kuharibika, yeye alikuwa wa kwanza kujua, na hakuna aliyethubutu kuyanywa kabla Kipua hajatoa kibali.

Mama yake alikuwa akiosha sufuria katika mkahawa wa mapishi ya Kiitaliano. Alisimama kutwa nzima, na jioni miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu haviingii. Siku moja alimsikia mpishi mkuu akilalamika kwamba viungo vikavu wanavyonunua, vile vya kunyunyiza kwenye piza na sosi ya nyanya, havina ladha yoyote zaidi ya ladha ya karatasi. Mama akamwambia kwamba yeye ana makopo ya mimea hiyo uani kwake, na anajua kuikausha na kuichanganya. Mpishi mkuu akamtaka alete chupa moja mwisho wa mwezi. Ikimpendeza, mama ataacha sufuria na kuwa mtengenezaji wa viungo vyao.

Kwa hiyo Kipua hakuwa akigeuza majani tu. Alikuwa akiifikiria miguu ya mama yake.

Majani ya kwanza yalikauka vibaya. Badala ya kubaki na ukijani wake yaligeuka kahawia, na ukiyasugua kiganjani yalinukia kama majani ya ufagio. Mama alidhani aliyachuma yakiwa yamekomaa mno. Akachuma mengine machanga. Nayo yakawa vilevile.

"Sielewi," alisema mama, akiyamwaga kwenye ndoo ya taka. "Nimeyachuma asubuhi, nimeyaweka kivulini, nimefanya kila kitu. Sasa mimea yenyewe imebaki vijiti. Tukiyapoteza na haya ya tatu niliyoyachuma leo, basi tena."

Kipua alikuwa akitazama barazani, alikokuwa amesimama Dobi.

Dobi alimwoa mama miezi michache iliyopita. Alihamia na meza yake ya kupigia pasi, kamba zake za kuanikia na mfuko mzima wa vibanio. Mtaa wote ulimwita Dobi, ila Kipua hakumwita kitu. Akizungumza na mama alisema "yule". Shikamoo alimpa pale tu mama alipokuwa akisikiliza, tena kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Na huyo ndiye aliyebaki nyumbani peke yake kila siku, mama akiwa kazini na Kipua akiwa shule.

Jioni ile Dobi alipita karibu naye akiwa amebeba mashati yaliyokunjwa. Kipua akavuta pumzi, akashtuka. Dobi hunukia sabuni na mkaa wa pasi. Leo mikono ya shati lake ilinukia rihani, rihani nzuri, ile ile iliyotakiwa kuwa kwenye ungo.

Usiku mzima wasiwasi haukumtoka. Kesho yake alimweleza rafiki yake, msichana ambaye darasa zima lilimwita Redio kwa sababu habari haikulala kinywani mwake.

"Basi mimi nimemwona," Redio alisema, akisogea karibu. "Mchana nikienda nyumbani kula, namwona anatoka na mfuko mkubwa mweupe. Anaelekea ile hoteli ya kona. Halafu anaangalia huku, anaangalia kule, ndiyo anavuka."

"Ile hoteli wanapika nini?"

"Wanapika vyote. Hata piza wanapika."

Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake: harufu kwenye shati, mfuko, hoteli. Yule alikuwa akiyauza majani mazuri na kuwaachia makapi.

"Mimi ningekuwa wewe ningemtegea," Redio alisema.

Ndivyo alivyofanya. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, alipanga vijiti vyote vya rosemari vielekee dirishani, kimoja kimoja, kama askari kwenye gwaride. Shuleni hakusikia neno hata moja la somo la hesabu. Kengele ya mwisho ilipolia, alikimbia hadi nyumbani, na mara hii hakunawa mikono.

Vijiti vya rosemari vilikuwa vimetazama kila upande. Kwenye ungo wa rihani, katikati ya majani, kulikuwa na kibanio cha nguo cha mbao.

Kipua alikiokota. Alihisi ungo una joto, jambo la ajabu katika chumba cha baridi kama kile, lakini hakulitilia maanani. Hasira ilikuwa imeshampanda. Alitoka moja kwa moja hadi barazani.

Dobi hakuwa peke yake. Muuguzi anayekaa jirani alikuwa ameleta sare zake nyeupe, na walikuwa wakicheka juu ya doa la dawa lililogoma kutoka. Redio naye alikuwa ameshafika, amening'inia getini kusubiri habari.

"Majani ya mama yangu yako wapi?" Kipua aliuliza.

"Yako stoo, binti," alisema Dobi.

"Hayo ni makapi. Yale mazuri unayapeleka hotelini kwa huo mfuko wako. Kila siku. Wewe ni mwizi."

Dobi aliinua pasi kutoka kwenye shati na kuisimamisha juu ya bati lake. Muuguzi alizitazama sare zake juu ya meza. Akazikusanya polepole, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye kikapu.

"Nitazileta siku nyingine," alisema bila kumwangalia Dobi, akaondoka.

Watu humwachia dobi nguo zao, na pamoja na nguo, vyote walivyovisahau mifukoni. Dobi akishaitwa mwizi mbele ya mteja, bora akunje meza yake. Dobi alilijua hilo, na uso wake ulilionyesha. Hata hivyo hakupandisha sauti.

"Mfuko ule pale," alisema. "Ufungue."

Kipua aliufungua. Ndani mlikuwa na vitambaa vya meza, vimekunjwa vizuri, kila kimoja kina jina la hoteli lililodariziwa pembeni.

"Nawafulia hao tangu mwezi uliopita," Dobi alisema.

"Unaangalia huku na huku kabla ya kuvuka," Redio alidakia kutoka getini.

"Naangalia magari, mwanangu. Ulitaka nivuke nimefumba macho?"

Kipua alikiinua kibanio. "Na hiki? Kilifuata nini kwenye majani?"

Dobi alikitazama. Kisha akamwashiria amfuate. Walizunguka nyuma ya nyumba, palipo na kamba za nguo, mahali ambapo jua hupiga kuanzia asubuhi hadi alasiri. Chini ya kamba palikuwa na benchi, na juu ya benchi palitandazwa kipande cha pazia la wavu kilichobanwa pembeni kwa vibanio. Vipande vya majani ya rihani vilikuwa vimenasa kwenye matundu yake.

"Naleta nyungo hapa mkishaondoka," Dobi alisema. "Nafunika na wavu yasipeperuke. Kabla hujarudi nazirudisha stoo. Mimi ni dobi, binti. Kitu kibichi nakijua dawa moja tu, jua. Nikaona mmeyafungia gizani, nikasema masikini, yataoza, na mke wangu atabaki na sufuria zake. Yalipobadilika rangi nikadhani jua halikutosha. Nikaliongeza."

Kipua akaelewa. Jua ndilo lililoyaua majani. Lilinyonya rangi na harufu yote, na mtu aliyeyapeleka huko alikuwa na nia ile ile aliyokuwa nayo yeye.

"Kwa nini hukumwambia mama?" aliuliza mwishowe.

"Nilitaka afaulu kwanza, ndipo nimwambie na mimi nilishika upande mmoja. Ujinga wangu huo."

"Na mimi? Si ungeniuliza mimi?"

"Nilikuuliza," Dobi alisema. "Siku ya kwanza kabisa. Nilisema, binti, majani haya yanataka nini? Ukanipita kama nguzo ya umeme."

Kipua alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi alivyoinua kichwa alipokuwa akipita, na jinsi alivyojisikia mshindi. Aibu ilimshika hadi masikio yakamchoma.

Mama aliporudi jioni, Kipua hakusubiri kuulizwa. Alimweleza yote, tangu harufu ya kwenye shati hadi sare za muuguzi. Aliposikia habari za benchi na jua mama alianza kucheka, akacheka mpaka akashika kiuno, naye Dobi akawa anatazama vidole vya miguu yake. Lakini habari ilipofika kwa muuguzi, kicheko kikakatika.

"Nyumba ya muuguzi unaijua?" mama aliuliza.

"Naijua, mama."

"Basi njia huhitaji kuonyeshwa."

Ilikuwa nyumba ya karibu tu, lakini Kipua aliona haifiki. Muuguzi alifungua mlango akiwa na povu mikononi, maana sare alikuwa akizifua mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Kipua alisema, na machozi yakamtangulia. "Nimekuja kusema kwamba hakuiba. Mfuko ule ni vitambaa vya hoteli. Majani alikuwa anayaanika tu, alidhani anatusaidia. Nilimwonea."

Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa nini ulisema vile mbele yangu?"

"Nilikuwa na hakika."

"Na mimi kwa sababu ya hakika yako nimemnyima mtu kazi," alisema muuguzi. "Mwambie nitapita asubuhi. Doa lenyewe limenishinda."

Aliporudi, Kipua alimkuta Redio bado getini.

"Ile ya kwanza umeshaitangaza?" alimuuliza.

"Kidogo tu," Redio alisema, akitazama pembeni. "Mpaka kwa muuza mkate."

"Sasa rudi uitangaze na hii."

"Hii haina utamu."

"Itangaze hivyo hivyo."

Redio akaenda, amenuna, lakini alikwenda.

Usiku huo walikaa wote watatu kuzunguka nyungo. Bahati yao, majani ya tatu yalikuwa yamepata jua la siku chache tu. Walichambua rihani jani kwa jani, wakatupa yaliyofifia na kubakiza yale ya chini ambayo bado yalikuwa kijani. Wakayarudisha kwenye rafu, kivulini, na kila mmoja akajua kwa nini yapo pale. Yalipokauka hadi yakawa yanavunjika yenyewe, walitoa vijiti, wakayasaga kwa viganja, wakaongeza kitunguu saumu kilichokaushwa na chumvi kidogo. Mikono ya Dobi, iliyozoea kukamua mashuka, ndiyo iliyoiweza rosemari. Kipua akanusa. Akanusa tena, akatoa kibali, akampa mama chupa.

Mwisho wa mwezi mama alirudi mapema, amevaa viatu vyake bila taabu. Mpishi mkuu alikuwa amenyunyiza viungo juu ya sosi, akaonja, akaonja tena. Kisha akauliza chupa ya pili italetwa lini.

Dobi alipiga makofi. Kipua alifurahi, lakini alikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua.

"Mama, pua yangu haikudanganya," alisema. "Kweli alikuwa ananukia rihani."

Mama alimvuta karibu. "Haikudanganya, mwanangu. Ilikwambia kwamba kuna kitu, na kweli kilikuwepo. Lakini pua haiwezi kukwambia mtu amefanya jambo kwa nia gani. Hilo unamuuliza mwenyewe, kwa adabu, kabla hujamwita jina ambalo huwezi kumvua. Ungemjibu swali lake siku ile ya kwanza, tusingetupa jani hata moja."

Kipua aliinamisha kichwa. Alijua ni kweli.

Kesho yake mama alichuma majani mapya yaliyochipua uani, akayatandaza stoo kabla ya kutoka. Kipua alitoka shule kama kawaida, lakini hakwenda stoo moja kwa moja. Alisimama barazani mbele ya meza ya pasi. Mama hakuwepo.

"Shikamoo, baba."

Dobi alibaki na pasi hewani. "Marahaba, mwanangu," alisema. Akasafisha koo. "Majani leo yanataka nini?"

"Yanataka kugeuzwa," Kipua alisema. "Twende. Ila nawa mikono kwanza."