Mgeni Aliyeitwa kwa Karwirwa

Stima ilikuwa imepotea Kanyakine nzima tangu asubuhi, kwa hivyo hakuna aliyekuwa akikausha wala kunyoosha nywele za mtu, na bado saluni ya Makandi ilinuka nywele zinazoungua.

Ednah, msichana aliyeajiriwa kusuka, ndiye aliyeisikia kwanza. Aliacha kichwa cha mteja nusu, akaenda kugusa pasi ya nywele. Ilikuwa baridi.

"Madam, si unasikia hiyo harufu?"

"Ni majirani wanachoma takataka," Makandi alisema bila kugeuka.

Ednah alitoka akachungulia nyuma ya duka. Akarudi kwa mteja wake. Hakukuwa na moshi popote. Makandi hakuwa na haja ya kuambiwa, maana harufu ile aliijua. Ndiyo aliyoikuta jikoni kwa mama yake siku walipomtoa Karwirwa motoni.

Karwirwa alikuwa mdogo wake, dada wa pekee aliyekuwa naye. Tangu alipovunja ungo alikuwa na kifafa. Hospitali walimwandikia vidonge, na alipovimeza vizuri alimaliza msimu mzima wa mahindi bila kuanguka. Alikuwa na ulimi mtamu, anacheka hata na wanaomdai. Kwa muda alipanga chumba Majengo, kule Meru mjini, akiuza nguo, kisha Makandi akamchukua saluni amsaidie kuosha vichwa. Wateja walimpenda.

Halafu siku moja ya soko, vidonge vikiwa vimemwishia, alianguka katikati ya saluni. Wanawake walitoka mbio na povu vichwani, mmoja akipiga kelele barabarani kwamba mate ya kifafa yanaambukiza. Wiki zilizofuata viti vilikaa vitupu. Makandi alimhurumia dada yake, ndiyo, lakini aibu ilimshinda huruma, na aibu ile ikamtafutia neno.

"Si kifafa," alianza kuwaambia watu. "Ni jini. Alimfuata kutoka Majengo."

Jini hakuwa ugonjwa wa ukoo. Jini angefukuzwa, na wateja warudi. Alilisema sokoni, akalisema kwa akina mama wa kanisa, akamwambia mama yao, Marcella, mpaka naye akaamini. Ndipo wakampeleka Karwirwa Kiritiri, kwa mganga aliyemchanja kifuani, akampa mizizi michungu, na kuwaonya kwamba jini hatatoka iwapo mgonjwa ataendelea kumeza dawa za hospitali.

Karwirwa alikataa. "Sister, mwili ni wangu, naujua. Niachie dawa zangu, tafadhali."

Makandi alizimwaga chooni. Mama yao alisimama mlangoni akimwangalia.

Siku chache baadaye Marcella alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Aliporudi alimkuta binti yake ameangukia mafiga, uji wa ucuru uliokuwa jikoni umemwagika, na moto bado unawaka.

Katika mazishi watu walisema jini amemuua. Makandi aliitikia kwa kichwa.

Na sasa harufu ilikuwa saluni. Ilikuja siku za stima na siku zisizo na stima. Baada ya harufu ukaja mlio. Saluni ilikuwa ya mbao, sakafu yake pia, na mchana mtulivu, redio ikiwa imezimwa, chumba kidogo cha nyuma kilisikika kama kuna mtu amelala chali anapiga visigino chini, haraka haraka, kisha polepole, kisha mkoromo mzito wa mtu anayetoka kwenye kifafa. Ednah alifungua mlango mara ya kwanza. Hakukuwa na mtu. Mara ya pili hakufungua. Mara ya tatu alichukua mkoba wake.

"Madam, mimi naogopa," alinong'ona. "Huyo huko ndani anajua jina lako. Amekuita."

Makandi akabaki peke yake. Siku iliyofuata, jua likiwa juu na barabara imejaa watu, aliingia mwalimu mmoja mgeni aliyetaka kuoshwa nywele tu. Makandi alimlaza kichwa kwenye sinki, akamwaga maji, akapaka shampuu, akaanza kusugua, na mwanzoni kilikuwa kichwa cha mtu yeyote, kisha kikaanza kupata joto chini ya vidole vyake ingawa maji yalikuwa baridi, na joto likazidi mpaka likawa la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na shingo ikaanza kukakamaa na kutetema, na yeye anataka kuitoa mikono na mikono haitoki, na ile harufu ikajaa puani na mdomoni, na kutoka chini ya povu sauti nzito, si ya mwanamke wala ya Karwirwa, ikasema kwa upole kabisa:

"Uliniita. Nimefika."

Makandi alipiga ukwenzi. Mwalimu aliinuka, maji yakimchuruzika, akamuuliza kama ameumwa na nini. Yeye hakuwa amesikia chochote.

Makandi alifunga saluni, akaenda Majengo. Nyuma ya msikiti aliishi Bi Halako, mwanamke wa makamo aliyewasomea watu dua na kuwafukizia ubani. Alisifika pia kwa kuwafukuza wagonjwa: mwenye malaria alimwambia atoke mara moja aende hospitali.

Alimsikiliza Makandi hadi mwisho. Kisha akauliza, "Dada yako, akimeza dawa, alikuwa anaanguka?"

"Hapana."

"Jini haogopi kidonge, mwanangu. Dada yako alikuwa mgonjwa tu."

"Na huyu aliye saluni kwangu?"

"Huyu ni jini." Bi Halako alishusha sauti. "Hakuwako. Lakini ulimtaja sokoni, ukamtaja kanisani, ukamkubali kaburini. Ulimpa nyumba, ukampa na damu. Wao husikia wakitajwa. Akaona pana nafasi yake, akaja."

"Nifukuzie, Bi. Nakuomba."

"Nitakusomea, lakini kusoma peke yake hakutoshi. Uliwaambia watu ni jini. Rudi uwaambie ni kifafa, na kwamba dawa zake ulizimwaga wewe. Akikosa jina lake mdomoni mwako, hatakuwa na pa kukalia."

Jumapili ile Makandi alisimama mbele ya kanisa na kuyasema yote. Wengine walilia, wengine walimtazama kama anayevuliwa nguo. Mama yake hakuwapo, kifua kilikuwa kinambana. Kwa hivyo baada ya ibada Makandi alimfuata nyumbani, akapiga magoti pale pale jikoni, karibu na mafiga.

"Mama, hakukuwa na jini. Karwirwa alikuwa na kifafa. Tungemwachia dawa angekuwa hai."

Marcella alikuwa akichambua maharagwe. Mikono haikusimama.

"Lilikuwa jini," alisema.

"Mama—"

"Makandi, nisikilize. Kama lilikuwa jini, mwanangu aliuawa. Kama ulikuwa ugonjwa, mimi nilisimama mlangoni nikakuangalia ukimuua." Sasa aliinua uso, macho makavu. "Mimi ni mzee. Hilo la pili siwezi kulala nalo. Lilikuwa jini. Usirudie kuniambia vingine."

Makandi alilia, akamshika magoti, akamsihi. Mama yake alimpangusa machozi kwa kanga, akampa maharagwe ya kubeba, akamsindikiza mpaka barabarani.

Saluni ilitulia. Harufu iliisha, chumba cha nyuma kikawa chumba tu, Ednah akarudi, na wateja nao mmoja mmoja. Makandi alingoja ajisikie mwepesi. Hakujisikia.

Alizoea kumpigia mama yake simu kila akishafunga. Jioni moja simu iliita sana kabla ya kupokewa.

"Mama, mbona umechelewa kushika?"

"Nilikuwa napakua chakula." Sauti ya Marcella ilikuwa changamfu, jinsi isivyowahi kuwa tangu mazishi. "Unajua siku hizi silali peke yangu. Ananiambia habari za Karwirwa. Ananiambia halikuwa kosa letu."

"Nani, Mama? Nani anakuambia?"

Makandi alisikia sahani ikiwekwa mezani, na kiti kikivutwa. Kisha, karibu sana na simu, mtu akavuta pumzi, mkoromo mzito wa taratibu.

"Usinipigie tena saa za kula, mwanangu," Marcella alisema. "Mgeni hapendi."