Mgongo wa Pavol

"Shemeji, leo utakiona cha moto!"

Huyo ni Imrich, mdogo wa marehemu Andrej, akimtambia Zuzana mlangoni mwa mahakama. Andrej alifia mgodini, na chama chetu cha kusaidiana, sisi Waslovaki tuliohamia Marekani, kilikuwa na dola elfu moja za kumlipa mjane. Lakini kanuni ilisema mjane anayeishi na mwanaume kinyumba hapati kitu, analipwa ndugu wa marehemu. Bila pesa hizo, Zuzana na wanawe wawili wangetolewa kwenye nyumba ya kampuni Jumamosi. Imrich alidai mwanaume mwenyewe ni Pavol, mpangaji wa Zuzana.

Majirani tulijaa tele. Tukose uhondo?

Wakili wa Imrich, Mmarekani wa mjini, akasimama kwa mbwembwe.

"Mama, ni kweli wanaume wakitoka mgodini unawaosha migongo?"

"Kweli."

"Mheshimiwa, amekiri!"

Tulivunjika mbavu. Mimi nikashindwa kujizuia:

"Basi mimi nina waume sita, na mzee wangu anajua!"

Jaji akagonga meza. Kwetu kila mama mwenye wapangaji, hata mimi mwenye sita, anawaosha migongo, kama anavyowapikia supu ya kabichi.

"Una wapangaji wangapi?" Wakili aliuliza kwa hasira.

"Watano."

"Unawaosha wote?"

"Wanne."

Kicheko kikakatika.

"Nani humuoshi?"

"Pavol."

"Kwa nini?"

Zuzana akaitazama Biblia aliyoapia. Jamani, nilitamani kumziba mdomo!

"Kwa sababu nampenda. Tangu Pasaka nampa sabuni ajioshe mwenyewe. Nikimgusa nitatetemeka."

Pavol aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mbona hukuniambia? Mimi nakufa juu yako, nikadhani unanichukia!"

Imrich akapiga makofi.

"Mheshimiwa, umewasikia wenyewe!"

"Nimewasikia," jaji akasema. "Mke gani huyu, hata mgongo hajaugusa? Kanuni haikatazi kupenda. Chama kimlipe mjane leo hii."

Weee! Tulipiga vigelegele hadi nje. Imrich alipita pembeni bila kumuaga mtu. Pavol akamkimbilia Zuzana, macho yamejaa machozi.

"Zuzana wangu, twende nyumbani."

"Wewe huendi. Chukua sanduku lako ukapange kwa Verona," Zuzana akasema, akininyooshea mimi kidole.

Pavol akanywea.

"Unanifukuza?"

"Bwana harusi hawezi kulala nyumbani kwa bibi harusi kabla ya ndoa. Padri atatangaza ndoa yetu Jumapili tatu, tufunge, ndipo urudi."

Nikamshika Pavol mkono, tukaenda kuchukua sanduku.