Mayai Mia Tatu na Skrini ya Lulit

Kila asubuhi kabla ya shule, Mahder alipitia kwenye chumba cha kutotoleshea vifaranga cha akina mama wa mtaa wao, mjini Debre Birhan. Baridi ya huko haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya soksi. Lakini chumba kile kilikuwa na joto zuri, maana mashine kubwa kama kabati ilikuwa imelalia mayai mia tatu kwa niaba ya kuku ambao hata hawakuulizwa.

Ukutani ilining'inia tableti kuukuu. Mahder, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeitengenezea programu katika klabu ya kompyuta ya shule. Ilionyesha hali ya mashine: joto, unyevu, maji, umeme, trei zilizogeuzwa, hakuna kilichosahaulika. Ilikuwa mistari ishirini na minane ya herufi ndogo nyeupe, zimebanana kama wageni kwenye benchi la harusi.

"Mahder! Njoo unisomee hiki kitu chako!" Ndivyo alivyoita kila siku mama yake, Zenebech, aliyekuwa mwangalizi wa mashine.

"Joto ni sawa, Emaye. Ongeza maji kidogo."

"Umeyaona wapi hayo maji?"

"Mstari wa kumi na tisa."

"Haya, msomi wangu. Mimi nimeona chawa tu."

Msomi wangu! Maneno hayo mawili Mahder aliyabeba hadi shuleni, na yalimshibisha kuliko kifungua kinywa. Wala hakuwa na haraka ya kuzikuza zile herufi. Zikikuzwa, nani atamwita?

Basi mwalimu wa klabu, Gashe Eshetu, akapata malalamiko. Akina mama walisema skrini inawatia kizunguzungu. Kazi ya kuipanga upya akampa Lulit, msichana mgeni aliyehamia kutoka mji wa Dessie, mwenye mwanya na vidole vyenye chaki saa zote.

"Lakini Gashe, programu ni yangu," Mahder alisema.

"Programu ni yako. Macho ni ya akina mama. Lulit anachora vizuri, mwache ajaribu."

Lulit hakugusa kompyuta kwa siku mbili. Alikwenda kukaa na akina mama, akawasaidia kuchambua ngano ya kukaanga huku akimuuliza kila mmoja kwa heshima, "Etiye, ukifungua mlango asubuhi, unataka kujua nini kwanza?" Wakamjibu: umeme upo? Halafu joto. Halafu maji. Mengine hata kesho. Lulit akachora masanduku matatu kwa chaki mlangoni, akayafuta, akayachora tena, mpaka mlango ukawa mweupe.

Alhamisi skrini mpya ikazinduliwa. Juu kabisa lilikaa sanduku la umeme, kubwa kama kiganja. Chini yake joto, kisha maji. Kitu kikiwa salama, kijani. Kikiwa na shida, chekundu. Ile mistari mingine ilifichwa nyuma ya kitufe, ya kutazamwa na mwenye muda wake.

"Yesu wangu!" Zenebech alipiga vigelegele. "Naiona nikiwa mlangoni, bila miwani! Lulit, mwanangu, mikono yako ibarikiwe."

Mwanangu! Mahder alihisi kama ameteremsha pilipili nzima bila mkate wa injera. Alitazama skrini akitafuta kosa, na mwenye kijicho hakosi akitafutacho. Alilipata.

Kompyuta huhesabu saa kwa mtindo wa kigeni, kuanzia usiku wa manane. Watu wa huku huhesabu kuanzia alfajiri, kama watu wenye akili timamu. Ikiwa ni saa nne asubuhi, kompyuta huandika 10:00. Kwenye skrini ya zamani Mahder alikuwa ameandika saa mbili sambamba, ya mashine na ya hapa, bila kuzitia majina, kwa kuwa yeye alizijua. Lulit alipoona saa mbili alidhani ni kujirudia. Akabakiza moja, na aliyoibakiza ilikuwa ya mashine.

Mahder alifungua kinywa. Wakati huohuo kila mtu akaanza kumpigia Lulit makofi. Mahder akafunga kinywa, naye akapiga makofi, kwa ncha za vidole.

"Mwache," alijiambia. "Siku moja watamwona."

Wiki nzima mama yake hakumwita. Mahder alipita asubuhi taratibu, akakohoa mlangoni, akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Unaumwa kifua?" Zenebech aliuliza.

"Hapana. Nikusomee?"

"Nimeshaona, mama. Wahi shule."

Ijumaa iliyofuata, katikati ya mfungo mkuu, umeme ulikatika mji mzima. Shuleni kompyuta zilizimika wakiwa kwenye somo, na Mahder aliitazama saa ya ukutani: saa nne kamili. Wakati huo chumba cha vifaranga kilikuwa kimefungwa. Akina mama wote walikuwa kanisani, na ibada ya mfungo haiachi watu mpaka alasiri.

Mahder alipofika huko kutoka shule ilikuwa saa kumi na robo. Alimkuta mama yake ndiyo kwanza amerudi, amekaa kwenye kigoda anasokota pamba, ametulia. Tableti, iliyokuwa na betri yake, iling'aa nyekundu: UMEME UMEKATIKA 10:00. Kipimajoto nacho kilitumia umeme, kwa hiyo sanduku la joto lilikuwa tupu.

"Umeme umeondoka saa kumi," Zenebech alisema. "Robo saa tu. Sifungui mashine, nisije nikatoa joto. Si unajua sheria, umeme ukikatika chini ya saa mbili tunasubiri."

Mahder alisimama palepale. Mayai yale yalikuwa na siku kumi na sita. Vifaranga wake walikwisha ahidiwa nyumba thelathini, ili kila moja ianze kufuga baada ya Fasika, ndiyo Pasaka. Akinyamaza, kesho mayai yatakuwa mawe, na kila kidole kitamwelekea Lulit. Akisema, ataulizwa amejua lini.

Akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine. Ulikuwa wa baridi kama shavu la mtu aliyetoka kuchota maji.

"Emaye, si robo saa! Ni tangu saa nne asubuhi. Hiyo ni saa ya kompyuta!"

Pamba ikaanguka. "Nani kasema?"

"Najua mimi. Nimejua tangu Alhamisi ile."

Zenebech alimtazama kidogo, kiasi cha kumwonyesha kwamba kuna mazungumzo yanakuja, kisha akatoka nje na kupaza sauti mtaa mzima. Maji ya moto! Chupa! Upesi!

Majiko yalikuwa yanawaka kwa ajili ya kahawa, kwa hiyo maji hayakuchelewa. Tatizo lilikuwa chupa. Hapo ndipo, katika mtaa wa watu wanaofunga, chupa tupu za pombe kali ya araki zilipotokea chini ya vitanda kumi na moja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Lulit alikuja akikimbia na birika. Wakapanga chupa za moto kati ya trei, wakafunika mashine kwa mablanketi. Mahder akamvuta pembeni na kumweleza yote.

"Uliliona siku ileile?" Lulit aliuliza. "Na ukanipigia makofi?"

"Nilipiga kidogo tu."

"Nilikuona. Nikadhani una jipu kwenye kiganja."

Walibadilisha chupa kila zilipopoa, mpaka umeme uliporudi jioni.

Jumatatu wasichana wawili walikaa kwenye kompyuta moja. Lulit alichora, Mahder akaandika programu. Saa waliiondoa kabisa kwenye sanduku la umeme. Badala yake waliweka safu ya mayai madogo, na kila saa moja bila umeme yai moja liligeuka jeusi. Mayai mawili meusi, chemsha maji. Hata asiyejua kusoma angejua.

Siku tano baada ya umeme kukatika, vifaranga walitoboa maganda: mia mbili na kumi na wanne. Waliobaki walikufa ndani. Zenebech aliweka trei ya mayai yasiyoanguliwa mbele ya Mahder.

"Sikuchapi," alisema. "Ila tazama vizuri. Ulifurahi mimi nisipoona, ili nikuite. Alipokuja mtu akanifumbua macho, ukakasirika. Kazi nzuri ni ile inayomwezesha mwenzako kujitegemea, Mahder. Na ukiona kosa lake, mwambie siku hiyohiyo, hata kama kijicho kinakuwasha. Kijikune baadaye."

"Nimekoma, Emaye."

"Vizuri. Sasa njoo unisaidie kuhesabu hawa, hawatulii."

"Si skrini inaonyesha idadi?"

"Inaonyesha. Lakini nimekuita."