Si Kila Kichwa ni cha Vita

Nyumba ya Rukia pale Kapsoya, Eldoret, haikujua upweke. Nyinyi mliopita njia ile kabla ya uchaguzi wa mwaka wa elfu mbili na saba mnaikumbuka: duka mbele, sebule nyuma, na katikati mlango ambao haukuwahi kutiwa kufuli. Saa kumi za jioni zikifika, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi imeshachemka na mikeka imejaa. Naomi muuza maziwa alikaa karibu na mlango, maana ng'ombe wake walikuwa na tabia za kihuni. Mwihaki, fundi wa nguo, alikuja na kazi yake mapajani. Hapo ndipo mlipojua nani ameoa, nani ameachwa, na nani anajidai ameokoka ilhali ameonekana Kaptagat na mke wa mtu. Na katikati ya hayo yote, akizunguka na birika, alikuwa Ayan, msichana aliyeletwa kutoka Garissa mwezi wa Oktoba kuolewa na Idris, mtoto wa pekee wa Rukia.

"Mimi nataka wajukuu sita," Rukia alikuwa akisema mbele ya watu wote. "Nyumba kubwa ikikosa watoto inageuka godauni."

"Anza na mmoja, Mama Idris," Naomi humjibu. "Hata ng'ombe wangu hawazai sita kwa mkupuo."

Ayan hucheka akijifunika uso kwa shungi.

Basi kura zikatangazwa na moshi ukapanda. Yaliyofuata mnayajua, wengine wenu mliyaona zaidi ya Rukia. Alfajiri moja Mwihaki alifika akiwa amebeba kichwa cha cherehani begani kama mtoto, bila viatu. Rukia hakumuuliza neno. Alimwingiza chumbani kwa Ayan, akavuta pazia zito la kijani, akatoka kukaa dukani na tasbihi yake.

Vijana wakaja, wakiwasaka watu wa kabila la Mwihaki. Walikuwa watoto wa mtaa, Rukia alikuwa akiwauzia peremende.

"Mama, mbona hiyo chumba imefungwa pazia mchana? Nani ako huko ndani?"

"Mke wa mwanangu," Rukia aliwaambia bila kupepesa. "Anaumwa na kichwa. Hawezi mwanga, hawezi kelele. Ukiingia atakutapikia."

Wakaondoka. Kesho yake wakarudi, akawapa maneno yale yale. Kwa siku tisa Rukia aliuza uongo ule mmoja kila mlango ulipogongwa. Siku ya kumi lori lenye askari lilipita likichukua wakimbizi, Mwihaki akapanda, na Rukia akaingia chumbani akaling'oa pazia pamoja na fimbo yake. Alilikata kwa mkasi vipande vipande, vikawa matambara ya kupangusia kaunta.

"Nyumba yangu haifungwi pazia mchana tena," akaapa. "Mpaka nife."

Kiapo kile, jamani, kilikuwa cha machungu, na mwenye machungu halaumiwi. Lakini kiapo cha machungu kinaweza kumgonga mtu ambaye hakuhusika.

Haikupita miezi miwili, Ayan akaanza kulala mchana. Si kila siku. Wiki hii mara moja, wiki ijayo hakuna, halafu siku mbili mfululizo. Asubuhi angepiga miayo mingi na kukosa hamu ya chakula. Kisha angesema anaona vimulimuli pembeni mwa jicho, vyenye meno kama msumeno. Saa moja baadaye ameshika upande wa kulia wa kichwa, amefunga leso machoni, anatambaa kuelekea ndoo.

"Mama, naomba giza," angesema. "Giza tu."

Na Rukia akisikia neno hilo, damu humchemka. Giza, mwanga, kelele, kutapika. Si ni yale maneno yake mwenyewe aliyowalisha vijana mlangoni? Alimtazama Ayan akaona msichana mjanja aliyeokota uongo wa mama mkwe na kuufanya kitanda.

"Hiyo ni kichwa ya vita," alimwambia. "Sisi wote tuko nayo. Hata mimi hapa kinanibana kama nimefungwa kamba, kulia na kushoto, na nimeamka, nimepika, nimeuza. Ukikifuata kichwa kitakulaza mpaka uote mizizi."

"Mama, hata kule kwetu Garissa—"

"Garissa kuna joto. Hapa ni baridi. Vaa shungi mbili."

Akaenda dukani, akateremsha mkebe wa dawa za kichwa, akakata vidonge viwili pamoja na karatasi yake kwa mkasi kama anavyowakatia wateja, akampa. Kwa Rukia hapo alikuwa ametibu. Mtaa mzima ulitibiwa kwa mkasi ule.

Mambo ya nyumba iliyojaa mnayajua. Habari haikai jikoni. Jioni wageni wakija, wanaambiwa Ayan anaumwa, na wote wanaingia chumbani kumpa pole, wamejipaka manukato, wamevaa bangili, kila mmoja na ushauri wake kwa sauti ya sokoni. Rukia naye huleta kifukizo chenye makaa na uunsi, ule udi mtamu wa Kisomali, moshi ukatanda mpaka darini, ili hewa mbaya itoke. Kadiri walivyomfukiza ndivyo alivyotapika. Na kadiri alivyotapika ndivyo walivyomfukiza.

"Huyu anaringa," Naomi alisema siku moja akirudi sebuleni. "Mimi nikiumwa na kichwa nakamua ng'ombe nne."

"Labda hataki kupika anjera," mwingine akasema.

"Ama kuna mtu amefichwa tena huko ndani."

Wakacheka. Chumba na sebule vilitenganishwa na ukuta wa mabati. Ayan alisikia yote.

Alinyamaza tangu siku ile. Hakuomba giza tena. Aliona njia moja tu ya kubaki mke wa mtu katika nyumba ya watu: kusimama. Na ili asimame, alijifunza njia ya kuufikia ule mkebe. Vidonge viwili kabla kichwa hakijaanza, viwili kikianza, viwili kisirudi. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Kichwa kilichokuwa kikija mara mbili kwa mwezi sasa kilikuwa kinaamka naye kila siku. Idris alikuwa akiendesha lori la mizigo kwenda Lodwar, akikaa siku kumi barabarani. Akirudi anakuta mke amekonda, macho yameingia ndani.

"Mama, huyu apelekwe hospitali," alisema.

"Hospitali na kichwa? Watakupangia foleni ya kutwa kisha wakupe hivi hivi vidonge vyangu. Wewe shughulikia mambo ya mtoto. Miaka inaenda."

Mkebe ulikuwa unaisha haraka, na Rukia aliliona hilo. Alidhani mtaa umekuwa na vichwa vingi. Ulikuwa mwaka wa kura ya katiba, watu walikuwa wanaogopa moshi kurudi, kila mtu analalamika na kichwa. Akaongeza mkebe wa pili.

Kura ikapita salama, alhamdulillahi, na wiki iliyofuata ikaingia Ramadhani. Rukia alifurahi hivi kwamba alialika watu wa dini zote waje kufuturu, sebule ijae kama zamani. Idris alikuwa njiani akitoka Lodwar. Ayan alifunga, akapika tangu adhuhuri mbele ya mafuta ya sambusa yanayochemka, bila maji, bila neno. Ukutani alikuwa akipitisha mkono anapotembea, kama kipofu. Rukia alimwona, akajiambia, leo amejikaza, Mungu ambariki.

Mwihaki naye alikuja. Alikuwa amerudi Eldoret na kufungua kibanda chake cha kushonea karibu na soko, lakini nyumba hii alikuwa bado hajaweza kuikanyaga. Siku hiyo alileta dera la Iddi alilomshonea Ayan kwa mkono wake.

"Yuko wapi mwenzangu wa gerezani?" akauliza akicheka.

"Ameingia kulala, wageni wakiwa wamekaa," Rukia akajibu, na uso ukamkunjika. "Kichwa chake kile."

Mwihaki akaacha kucheka. "Kwani bado? Mama Idris, zile siku tisa nilimshikia ndoo siku mbili nzima. Nilidhani atakufa. Alikuwa ameuma shuka ili asilie, vijana wasisikie."

Rukia alibaki na tende mkononi. "Ile ndoo si ilikuwa yako? Mimi nilijua ni wewe, kwa uoga."

"Si yangu. Ilikuwa yake."

Yaani uongo ule wa mlangoni ulikuwa ukweli. Rukia alikuwa amewaambia vijana kweli tupu kwa siku mbili bila kujua.

Mwihaki aliingia chumbani kwanza. Rukia alisikia akiita jina la Ayan mara tatu, na mara ya tatu sauti haikuwa ya kuita. Ayan alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mweupe kama unga, na matapishi mbele yake yalikuwa meusi kama machicha ya kahawa. Nguo yake ilikuwa imelowa damu. Mkononi alishika vipande vya karatasi ya vidonge, vile vya kukatwa kwa mkasi, na chini ya godoro Mwihaki alitoa vingine, na vingine, kiasi cha kujaza kibakuli.

Wageni waliingia wote, kama kawaida yao. Mara hii Rukia aliwasukuma kwa mabega. "Tokeni. Tokeni nyote. Naomi, kuna gari la nani hapo nje?"

Naomi, yule wa kukamua ng'ombe nne, ndiye aliyembeba Ayan miguu mpaka kwenye pikapu ya maziwa.

Hospitalini alikuwepo daktari mmoja, Chelimo, mwanamke mpole wa maneno machache. Baada ya damu kuwekwa na Ayan kufumbua macho, daktari aliinama akamuuliza taratibu, Rukia akiwa amesimama ukutani.

"Kinauma wapi?"

"Huku kulia. Kinapiga kama moyo."

"Ukitembea?"

"Kinazidi."

"Unaona kitu kabla hakijaanza?"

"Vimulimuli."

"Na kilianza lini? Wakati wa vita?"

Ayan alifunga macho. "Nikiwa darasa la saba, Garissa. Mama yangu pia anacho. Nyumbani kikinishika, alikuwa ananizimia taa na kunyamazisha watoto. Nikilala, nikiamka kimeisha."

Darasa la saba. Rukia alikumbuka yale maneno, "hata kule kwetu Garissa," na jinsi alivyoyafunika kwa shungi mbili. Swali moja tu. Miaka miwili na nusu, nyumba iliyojaa midomo, na hakuna mdomo hata mmoja uliouliza kilianza lini.

Daktari alimtoa Rukia nje kwenye korido. Alimweleza kwamba kichwa kile kinaitwa kipandauso, si mawazo wala uvivu. Kwamba vidonge vya kila siku ndivyo vilivyofanya kichwa kije kila siku, na kwa tumbo tupu vikachimba kidonda kikavuja damu.

"Atapona," Chelimo alisema. "Lakini mimba imetoka. Ilikuwa ya miezi mitatu. Pole sana, Mama."

"Mimba gani?" Rukia akauliza.

Ayan alikuwa amepata hakika juzi tu, naye alikuwa akimngoja Idris arudi, amwambie yeye kwanza.

Rukia aliketi sakafuni pale pale koridoni. Mwanamke aliyejaza nyumba wageni miaka yote, mgeni mmoja aliyekuwa akimngoja kuliko wote alikuwa amekuja, akakaa miezi mitatu chini ya paa lake, na yeye akamfukuza bila kujua.

Ayan aliporudi nyumbani, Mwihaki alileta pazia jipya, zito, rangi ya kahawia, ameshona pindo mara mbili. Rukia alipanda kigodani akalitundika mwenyewe. Kiapo ni kiapo, na ile hofu ya kugongwa mlango haikuwa imekwenda popote. Akavuta pazia. Chumba kikawa giza mchana.

Jioni Naomi alikuja na kikombe chake.

"Leo hakuna chai," Rukia akamwambia. "Mtoto amelala."

Akafunga mlango ambao haukuwahi kufungwa, akakaa kwenye ngazi, mikono mapajani, akisikiliza ukimya.

Funzo

Ndugu zangu, kichwa si jina moja. Kile cha kawaida hubana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa, nawe unaweza kuuza duka na kupiga soga. Kipandauso mara nyingi hushika upande mmoja, hupiga kama ngoma, huchukia mwanga, kelele na harufu, hutapisha, na kinaweza kumlaza mtu saa nyingi hata siku tatu. Njaa, kukosa usingizi na marashi makali humwamsha huyo mnyama. Anayekipata asiaibishwe, apelekwe kwa daktari, maana dawa yake ipo. Na ukijiona unameza vidonge vya kichwa zaidi ya siku mbili tatu kwa wiki, simama, usiongeze, nenda ukaulize. Kikija ghafla kama radi, ama na homa na shingo ngumu, ama mkono ukafa ganzi, hapo usingoje hata chai.

Vita vilituachia vichwa vingi, hilo hakuna anayekataa. Lakini tusivitupie vita kila ugonjwa ili tusihangaike kuuliza. Muulize mgonjwa kilianza lini, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Akikuomba giza, mpe giza. Halafu kaa mlangoni uwarudishe wageni, hata kama katika mtaa mzima hakuna anayependa wageni kuliko wewe.