Saa ya Kuwasha Boila

Wajukuu zangu, tegeni masikio. Kuna kipimo kimoja: mwenyewe akifurahi kinarefuka, akinuna kinafupika. Ni kipimo gani? Msijisumbue, jibu liko katika ua wa dobi mmoja.

Ua huo ulikuwa mweupe kutwa nzima. Mashuka yalipepea kwenye kamba kama mawingu yaliyoshuka kupumzika. Mvuke ulitoka dirishani polepole, na wafanyakazi watano waliokuwa ndani walionekana nusunusu, kama watu wa ndotoni. Mwenye kazi aliitwa Mama Dobi. Mpiga pasi wake hodari alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

Mama Dobi hakuwa mwizi. Alilipa kila mwisho wa mwezi, ila hesabu aliiweka kichwani. Kwake yeye, kazi ilianza boila, lile pipa la maji ya kufulia, likichemka. Hakujiuliza boila linawashwa na nani. Aliyeliwasha ni wifi. Kila asubuhi saa moja alifika, akajaza maji, akawasha moto, akakaa kungoja. Maji yalichemka saa mbili. Saa hiyo nzima haikuhesabiwa.

Siku moja wifi alikunja shuka la mwisho, akasema bila kuinua macho, "Wifi, mwezi ujao nahamia kwa dobi wa ng'ambo ya barabara."

"Nimekukosea nini?"

"Mwezi huu umenipunguzia, mwezi uliopita ulinizidishia. Nikiuliza, unasema ndivyo unavyokumbuka. Wanangu watakula kumbukumbu zako?"

Mama Dobi aliijua hasara yake. Mpiga pasi kama yule hapatikani, na tena ni ndugu.

Jirani aliyefuata mapazia yake alimkuta ameketi juu ya kapu la nguo chafu. Jirani huyu alikuwa karani wa mishahara kiwandani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kosa liko wapi. Na hilo ndilo jibu letu, wajukuu: kipimo kile ni kumbukumbu ya mwenye kulipa.

"Shoga, kabla ya kuhesabu mshahara, andika kanuni," jirani alisema. "Kazi inaanza lini? Inaisha lini? Anayechelewa anakatwa vipi? Anayezidisha saa analipwaje? Kila swali lipate jibu moja, na jibu liwe la wote."

Wakaandika. Kazi inaanza mtu anaposaini daftari, hata kama boila ni baridi. Saa nane za kazi ni siku kamili, na mapumziko ya mchana hayamo. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zenye malipo ya juu. Ya juu kiasi gani? Jirani alimtuma akaulize ofisi ya kazi, asikisie. Kuchelewa hadi dakika kumi kunasamehewa. Kukizidi, zinakatwa dakika zilizopotea tu, si nusu siku.

Kisha jirani akataka kanuni zijaribiwe kwa mwezi uliopita, kabla ya kutumika. Wakachukua mwezi wa wifi. Siku za kazi zilikuwa ishirini na sita, na kila siku ilikuwa na saa moja ya kuwasha boila. Mama Dobi alizigawa saa hizo ishirini na sita kwa nane.

"Siku tatu na robo," alisema taratibu. "Nimezila, wala sikusikia utamu wake."

Alimlipa wifi yaliyopungua, akawasomea wote zile kanuni. Mfuaji mmoja, mwingi wa utani, akauliza kama kusinzia kazini kunahesabiwa. Akajibiwa asinzie wakati wa mapumziko, ambayo hayalipwi. Wifi alicheka kidogo, akasema atangoja mwezi mmoja aone.

Mwezi ukaisha. Kila mtu alipewa karatasi inayoonyesha saa zake, nyongeza na makato. Wifi alisoma yake mstari kwa mstari, kidole kikitembea.

"Hapa umekosea," alisema. "Jumanne ile nilichelewa dakika nane. Hukunikata."

"Isome kanuni ya kuchelewa."

Wifi akaisoma. Akairudia. Mashuka yalijaa upepo nyuma yake.

"Kumbe hata wewe huwezi kuibadilisha ukinikasirikia?"

"Siwezi, wifi. Na leo asubuhi ulinikasirisha kweli."

Wifi aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani. Jioni hiyo alivuka barabara kumwambia yule dobi mwingine asimngoje.