Nyota Ambayo Delbert Hakuitazama

Verna Kitzmiller alikuwa dereva wa basi la shule. Kila siku ya masomo aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakwangua barafu kwenye kioo cha mbele, kisha akateremka milima na watoto thelathini na wanane nyuma yake. Saa kumi jioni alikuwa amesharudi jikoni. Hapo alivua viatu, akakoroga unga na kupika chapati za maji. Yeye na mumewe walizila na utomvu mtamu wa miti, uliochemshwa hadi ukawa mzito kama asali.

Mumewe, Delbert, alifanya kazi ya ufundi mitambo katika kiwanda cha karatasi kwa miaka thelathini na mmoja. Kiwanda kilipofungwa, alikaa nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Mashine ya kufulia aliifungua mara tatu.

"Del," Verna alimwambia, "tafuta cha kufanya kabla sijakufungua na wewe."

Ndipo Delbert akajiundia darubini. Kioo chake alikisugua kwa mkono majira yote ya baridi. Ilipokamilika, ilikuwa nene kama pipa. Akaisimamisha uani, nyuma ya banda la kuni. Kisha akajiunga na chama cha watazamaji wa nyota. Watu wa chama hicho hawalipwi. Kila mmoja hutazama nyota alizopewa, huandika alichoona, na kutuma taarifa kwa kompyuta.

Mwezi wa pili, chama kilimwandikia barua. Ile darubini kubwa inayozunguka dunia huko juu angani ilipangiwa kutazama nyota moja katika kundi la Mapacha. Siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi, tarehe sita mwezi wa tatu. Watazamaji ishirini waliombwa kuichunga nyota hiyo kila jioni hadi siku hiyo. Delbert alikuwa mmoja wao.

Kazi ilikuwa rahisi. Kwa kawaida nyota ile ni hafifu sana, na darubini ya uani haiwezi kuiona. Lakini mara chache hulipuka ghafla, ikang'aa kwa siku kadhaa. Basi Delbert akiikosa, aandike "Haionekani." Akiiona, aandike "Inaonekana." Alibandika karatasi yake kwenye mlango wa friji, akaijaza kila siku.

Jumanne, siku mbili kabla ya tarehe sita, jirani yao Odessa Fenwick alikuja kurudisha bakuli. Odessa alikuwa mmoja wa wapangaji ratiba wa darubini ile kubwa. Ofisi yao ilikuwa mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Siku nyingi alifanya kazi kutoka nyumbani.

"Kaa ule," Verna alimwambia. "Hizi zikipoa zinakuwa soli za viatu."

Odessa akakaa. Alikula mbili, akainuka kuchukua maziwa kwenye friji. Akasimama pale, anasoma.

"Mzee Delbert, jana umeandika 'Haionekani.'"

"Ndiyo."

"Jana? Jana ukungu ulifunga mlima mzima. Mimi gari langu nililitafuta kwa kupapasa."

Verna aliacha kukoroga.

"Kwani nyota ilionekana?" Delbert aliuliza. "Haikuonekana. Sasa uongo uko wapi?"

"Hata mwezi haukuonekana," Verna akasema. "Hata banda la kuni halikuonekana. Mbona hayo hukuyaandika?"

"Wewe pika chapati zako."

Odessa hakucheka. "Siku nyingine ngapi ziko hivi?"

Delbert aligeuza uma wake mezani. "Nne, pamoja na ya jana," alisema hatimaye. "Lakini tuko ishirini, Odessa. Neno langu moja litamuumiza nani?"

Odessa akarudi kitini. "Hebu nikueleze kazi yetu inavyokwenda. Halafu utajijibu mwenyewe."

"Mnaiendesha kama ndege?" Verna aliuliza.

"Hapana, mama. Hakuna anayeshika usukani. Ratiba ya juma zima tunaiandika mapema, dakika kwa dakika. Itazame nini, kwa muda gani, igeuke lini. Tunaipelekea amri kwa redio, nayo inazifuata yenyewe. Inazunguka dunia kwa saa moja na nusu hivi. Karibu nusu ya mzunguko huo, dunia yenyewe huiziba isione nyota tunayoitaka. Halafu haigeuki haraka. Unauona mshale wa dakika kwenye saa ile ya ukutani? Ndio mwendo wake."

"Polepole hivyo? Basi langu lingeifundisha kazi."

"Basi lako halikai siku nzima likitazama kitu kimoja bila kutikisika. Sasa sikilizeni. Darubini ile ina macho kadhaa. Jicho moja ni la mwanga wa urujuanimno, ule unaotuunguza ngozi juani lakini hatuuoni. Mwanga huo wa nyota hewa yetu inauzuia. Ndiyo maana ilibidi darubini ipelekwe juu, nje ya hewa. Jicho hilo limeundwa kwa ajili ya mwanga mdogo mno. Likielekezwa kwenye nyota iliyolipuka, linaweza kujizima ili lijilinde. Hapo tunapoteza siku nyingi. Au linaweza kuungua."

"Mtalibadilisha," alisema Delbert, kwa sauti ya fundi.

"Nani atalibadilisha? Zamani wanaanga walipanda kuitengeneza. Siku hizi hakuna anayepanda. Likiungua, limeungua."

Chapati ilianza kunuka, Verna akaiondoa motoni.

"Kwa hiyo jioni moja kabla, tunasoma taarifa zenu," Odessa aliendelea. "Juma hili mawingu yamefunika sehemu kubwa ya nchi. Watu kumi na sita wameandika kwamba hawakuweza kutazama. Wanne wameandika 'Haionekani.' Tunawajua kwa namba, si kwa majina. Mmoja wa wale wanne ameniliwaza sana juma hili, maana hakosi hata siku moja."

Delbert akainamisha kichwa.

"'Haionekani' maana yake umetazama. Anga ilikuwa safi, nyota jirani zake umeziona, na yenyewe haipo. Kama hukutazama, andika 'Sikutazama.' Hilo nalo ni jibu. Linatusaidia kujua tusichokijua."

Delbert aliinuka, akatoka bila koti. Verna alimkuta kwenye banda la kuni, amekaa juu ya gogo.

"Watanifukuza kwenye chama," alisema.

"Wakufukuze basi."

"Kule kiwandani tulikuwa na mtu wa boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Kazi yake ilikuwa kusoma joto kila saa. Alikuwa anajaza namba huku amekaa kantini. Nilimchukia yule mtu miaka minane."

"Sasa umemfahamu vizuri zaidi," alisema Verna. Akamtupia koti. "Njoo ndani. Barua haijiandiki."

Delbert aliandika kwa vidole viwili. "Siku nne nilizoandika 'Haionekani' sikutazama. Kulikuwa na mawingu, nikakisia. Naomba zifutwe. Nisameheni." Alituma kabla hajapata nafasi ya kubadili mawazo. Jibu lilikuja asubuhi, na lilikuwa fupi: "Zimefutwa. Asante. Endelea kutazama."

Aliisoma barua ile mara nyingi, hasa yale maneno mawili ya mwisho.

Jumatano, jioni ya mwisho, mawingu yalikuwa mazito. Delbert alisimama uani tangu giza lilipoingia, mikono kwapani. Saa moja na nusu upepo ulivuma kutoka magharibi, na anga ikafunguka juu ya mlima. Aligeuza darubini haraka kuelekea Mapacha. Nyota tatu ndogo zilizopangwa mstari alizijua kama vidole vyake. Alizipata.

Chini yake kulikuwa na ya nne.

Aliondoa jicho. Akafuta kioo. Akatazama ramani kwa taa nyekundu, akatazama tena juu. Kisha akaita, "Verna! Njoo!"

Verna alikuja na aproni. "Nini?"

"Tazama hapa. Niambie unaona nini katikati. Usiniulize kitu."

Verna akainama. "Naona nyota tatu kwenye mstari. Na nyingine moja chini, kali kama kichwa cha pini. Kwani vipi?"

Delbert akamwonyesha ramani. Kwenye ramani zilikuwa tatu.

Dakika sita baada ya kufunguka, anga ilijifunga tena. Delbert aliingia ndani, akakaa mbele ya kompyuta, lakini mikono ikabaki mapajani. Mwanasayansi aliyeomba kutazama nyota ile aliitwa Paloma Arriaga. Aliwahi kuwaandikia watazamaji wote kuwashukuru. Wanaoomba muda wa darubini ile ni wengi mno kuliko muda uliopo. Paloma aliomba mara tatu, miaka mitatu mfululizo, ndipo akapewa saa nne za kutazama.

"Nikituma hii, wataifuta zamu yake ya kesho," alisema Delbert. "Miaka mitatu amesubiri. Nitakuwa nimemnyang'anya mimi."

"Wewe hukulipua nyota, Del. Umeiona tu."

Delbert akavuta pumzi, akaandika. "Inaonekana." Aliandika saa aliyotazama, hali ya anga, na nyota jirani alizoilinganisha nazo. Akatuma.

Simu ililia kabla chai haijapoa. Ilikuwa sauti ya Odessa, ya kikazi kabisa, si ile ya jirani.

"Anga ilikuwa safi kwa dakika ngapi?"

"Sita."

"Kuna mwingine aliyeiona?"

"Verna."

"Ulimwambia aone nini?"

"Sikumwambia kitu. Muulize mwenyewe."

"Nakuamini," alisema Odessa. "Ngoja niwaite wenzangu."

Saa mbili baadaye giza liliingia Arizona, mbali huko magharibi, na mtazamaji wa huko naye akaiona nyota ikiwaka. Lakini wapangaji hawakukaa kumsubiri. Walitumia saa zile mbili kuandika ratiba mpya. Nyota ya Paloma waliitoa, wakaweka kundi la nyota la mbali ambalo lilikuwa kwenye orodha ya akiba. Amri mpya zilipanda angani kabla ya mapambazuko. Darubini ikageuka taratibu kama kawaida yake, ikatazama mahali pengine. Jicho lake lilikuwa salama.

Paloma alilia. Odessa ndiye aliyesema hivyo, na Delbert hakulala vizuri siku mbili.

Nyota iliwaka siku kumi na saba, kisha ikafifia. Ofisi ikampangia Paloma tarehe nyingine, mwezi wa nne, wiki ya likizo ya Pasaka. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Odessa aliwaombea Verna na Delbert ruhusa ya kufika ofisini. Jioni ya mwisho kabla ya safari anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Watazamaji kumi na mmoja waliandika "Haionekani." Delbert alitazama mara tatu, akawa wa kumi na moja.

Chumba cha kazi kiliwashangaza. Kilikuwa kimya. Watu wanne walikaa mbele ya kompyuta, mmoja akila tufaha.

"Ndiyo imeanza kutazama?" Verna alinong'ona.

"Imeanza dakika ishirini zilizopita," alisema Odessa.

"Mbona hakuna anayekimbia?"

"Mtu akikimbia humu ndani, ujue kuna ubaya."

Akawaeleza njia ya habari. Darubini haitumi moja kwa moja ofisini. Hurusha kile ilichoona kwenye setilaiti nyingine iliyo juu zaidi. Setilaiti hiyo hukishusha kwenye kituo chenye madishi makubwa jangwani, na kutoka hapo husafiri kwa nyaya hadi mjini. Walikunywa kahawa, wakasubiri. Paloma Arriaga alikuwa pale pia, mwembamba, akizunguka na kalamu bila kuandika kitu. Mchana habari za kwanza zilifika, naye akawaita wote kwenye kompyuta yake.

Palikuwa na mstari. Ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno.

Verna aliutazama. Akamtazama Delbert. "Baridi yote ile," alisema, "kwa ajili ya mstari?"

Paloma alicheka hadi akashika meza. "Mama, huu ni mwanga wa nyota uliopasuliwa vipande vipande. Kila mahali mstari unapozama, kuna kitu kimekula mwanga. Shimo hili ni kaboni. Hili ni silikoni, ile iliyomo kwenye mchanga. Nyota hii ni ndogo, imekufa, na inanyonya gesi ya nyota nyingine iliyo karibu nayo. Leo nimejua inanyonya nini. Jicho lingeungua siku ile, nisingejua kamwe."

Kisha akamgeukia Delbert. "Wewe ndiye mtazamaji mwenye 'Sikutazama' nyingi?"

Masikio ya Delbert yakawa mekundu. "Ziko ishirini na tatu. Kwetu mlimani kuna ukungu sana."

"Nazijua taarifa zako, pamoja na zile nne ulizoomba zifutwe. Ndizo nilizozifungua kwanza, jana na siku ile ya mwezi wa tatu."

Delbert akampa mkono.

Siku hizi Delbert hufundisha watazamaji wapya katika maktaba ya mji, kila Jumamosi asubuhi. Huja walimu, wafugaji, na wazee waliotoka kazini kama yeye. Kabla hajawaonyesha ramani wala nyota hata moja, huwagawia karatasi na kalamu, akawaambia waandike neno moja juu kabisa: "Sikutazama." Wengine hucheka. Yeye husubiri mpaka kila mtu ameliandika.